Ugali Uliobaki Siku ya Mazishi

Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo mkiona nimeruka hapa nikatokea kule, nivumilieni. Lakini habari ya ng'ombe wa mke wangu nitaisema yote, hata pale inaponiaibisha.

Ng'ombe alikuwa wake, si wangu. Alimnunua kwa bonasi ya majani chai, akamjengea banda nyuma ya jikoni, akampandia majani ya nepia kuanzia bandani hadi mtoni. Mimi kazi yangu ilikuwa kukata tu. Hata kukata nilikuwa nakosolewa, ati nakata vipande virefu kama mtu anayejenga ua. Alipougua, yule mama, miezi yake ya mwisho hakuweza kufika bandani, lakini kila asubuhi aliniuliza kutoka kitandani, "Amekula? Anacheua?" Mimi hakuniuliza kama nimekula. Sikuona vibaya. Ng'ombe alikuwa na mimba ya miezi sita na yeye alitaka kumwona huyo ndama.

Hakumwona. Tulimzika mke wangu Ijumaa.

Sasa, kwetu mazishi yanahesabiwa kwa watu. Ukipita Keumbu ukakuta barabara imejaa, utaambiwa, "Huyo alikuwa mtu." Nami nilijitayarisha. Nilitafuta sufuria zile za kanisa ambazo mtu mzima anaweza kuogea ndani, nikasagisha mahindi magunia mawili, wapishi wakasonga ugali tangu alfajiri. Ugali, au obokima kama tunavyouita nyumbani, mlima mmoja baada ya mwingine, umefunikwa majani ya ndizi. Lakini siku hiyo hiyo, ng'ambo ya pili, tajiri mmoja alikuwa anamzika mama yake. Kulikuwa na hema nyeupe, vipaza sauti na wanasiasa. Halafu mvua ikanyesha. Watu wangu wakaenda kule penye hema. Sikuwalaumu sana, hata mimi mvua inaniuma magoti. Pasta alihubiri akiangalia saa yake, na viti vilivyobaki bila mtu vilijaa maji.

Ugali ulibaki. Wali pia ulibaki, na unga mbichi karibu nusu gunia, umeshaanza kulowa.

Mke wa ndugu yangu mdogo, ambaye tunapakana, alikuja akasimama mlangoni na beseni. "Shemeji," akasema, "tugawe hiki chakula. Kila mtu abebe kidogo apeleke kwake."

Nikamwambia hapana.

"Sasa utafanya nini na chakula chote hiki? Utafungua hoteli?"

"Nimesema hapana."

Aliondoka na beseni lake tupu. Sababu ya kukataa ni hii, na sijaisema mahali pengine: niliona kila anayebeba ugali ule atabeba na habari. Kijiji kizima kingelala kinajua kwamba mke wangu alipikiwa magunia mawili na hakupata watu wa kula hata moja. Nilitaka ule ugali upotee. Jua lilipokuwa linashuka, wapishi wameenda zao, nilibeba ndoo kwa ndoo hadi bandani nikamwaga kwenye hori. Nikaongeza wali na unga mbichi juu. Ng'ombe alikula kama mgeni aliyekuja harusini na njaa. Nikamwambia, kula mama, maliza, leo tumekuwa sisi wawili tu.

Na alimaliza.

Jumamosi nilienda kanisani, maana ni Sabato na watu wangeuliza. Nilirudi saa saba nikamkuta amelala, shingo amekunja ubavuni, anasaga meno. Meno ya ng'ombe yakisagana bila chakula ni sauti mbaya sana. Nilipiga simu. Daktari wa mifugo alitoka Sironga na pikipiki yake, msichana wa umri wa mjukuu wangu, gumbuti za mpira zimemfika magotini. Alimpima joto, akabonyeza ubavu wa kushoto kwa ngumi, akaweka sikio pale akasikiliza.

"Mzee, tumbo limesimama," akasema. "Alikula nini jana?"

"Majani."

"Majani tu?"

"Majani, daktari. Atakula nini kingine?"

"Hakuna mahindi? Jana ulikuwa na wageni. Mara nyingine watu hutupia mifugo mabaki."

Nikamjibu kwa ukali kwamba kwangu hakukubaki mabaki. Watu walikula wakamaliza, wengine wakakosa. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama mbele ya hori ili asione ndani. Ndugu yangu alikuwepo, amejiegemeza kwenye nguzo, akaangalia chini. Yeye alijua. Mkewe alikuwa ameniona na ndoo, akamwambia. Lakini mdogo hawezi kumwambia kaka yake kwamba anadanganya, mbele ya mtoto wa watu, kesho yake baada ya mazishi. Daktari akaamini, akampa dawa ya gesi, dawa ya kufanya tumbo litembee, akasema nimpigie asubuhi. Dawa ile haikuwa mbaya. Ilikuwa ya ugonjwa mwingine.

Jumapili alikuja bila kuitwa. Ng'ombe macho yalikuwa yameingia ndani, anaharisha maji ya kijivu yenye povu, na ukisukuma ubavu ulisikia maji yakicheza kama kwenye pipa. Daktari akapitisha mpira mdomoni hadi tumboni, akauinamisha. Kilichotoka kilikuwa cheupe, kinanuka uchachu kama togwa iliyosahauliwa wiki nzima. Kulikuwa na mabonge ya ugali. Na punje za wali.

Akauangalia ule uji kwenye ndoo, kisha akaniangalia mimi.

"Mzee, haya majani uliyasagia wapi?"

Ndugu yangu alicheka, akajishika mdomo. Mimi ndipo nikasema. Nilisema haraka haraka, nikiangalia gumbuti zake.

Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Ati ng'ombe mwenyewe hajui kula majani. Ndani ya tumbo lake kubwa kuna bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa jicho, wengi kupita watu wa dunia hii, na wao ndio wanaoyavunja majani, yeye anaishi kwa kile wanachomtengenezea. Wamezoea nepia. Ukimwaga unga na ugali kwa ghafla, wale wachache wanaopenda wanga wanazaana mbio, wanatoa uchachu, uchachu unawaua wale wa majani na unaichoma ngozi ya tumbo. Nilifikiri, basi mle ndani nako kulikuwa na matanga, na waliojaa ni wale wasioalikwa.

"Jana tungeweza kumuosha tumbo mapema," akasema. "Siku moja ni kubwa sana kwa ugonjwa huu."

Akamwekea maji ya chumvi kwenye mshipa, akamnywesha magadi ya kupikia yaliyokorogwa kwenye maji, akanituma kichinjioni kutafuta majimaji ya tumbo la ng'ombe mzima aliyechinjwa sasa hivi, yakiwa bado ya moto, ili tumrudishie wale vijidudu wazuri. Nilienda Keumbu na mtungi wa lita kumi. Mchinjaji alinitazama. "Mzee, watu wanakuja hapa kuomba maini, wewe unaomba mavi?" Nikamwambia ni ya mgonjwa. Wenzake walicheka hadi wakaweka visu chini, lakini walinikamulia, wakachuja kwa gunia. Nilirudi nyuma ya bodaboda nimeukumbatia ule mtungi ndani ya koti usipoe, na ulinipasha joto tumboni. Ni mara ya kwanza tangu mke wangu aende nilipohisi joto la kitu chochote. Nasema tu ilivyokuwa.

Tulimmiminia. Jumatatu alisimama. Alikula majani matatu, nikayahesabu. Nilimpigia daktari nikipiga kelele kama mtu aliyepata mjukuu. Yeye hakupiga kelele. Alisema, "Tungoje, Mzee."

Alhamisi alitoa mimba. Ndama jike, hana manyoya bado. Nilimzika chini ya migomba mwenyewe, ndugu yangu alitaka kusaidia nikamkatalia. Wiki iliyofuata kwato zikaanza kuuma, akawa anatembea kama anayekanyaga makaa. Alikuwa anakuja horini, ananusa nepia, anaweka mdomoni, anaitoa tena. Kucheua hakukurudi. Nilimkatia vipande vifupi, vifupi kabisa, kama alivyotaka mke wangu. Mbavu zikaanza kuhesabika.

Daktari alikuja mara ya mwisho akasema ngozi ya tumbo imeungua, hata ukiwarudisha wale bakteria hawana pa kukaa. "Usimtese zaidi," akasema. Walikuja watu wawili asubuhi wakamchukua. Alishindwa kupanda kwenye gari, wakamsukuma. Sikuwauliza wanampeleka wapi.

Jioni hiyo nilimwuliza ndugu yangu kwa nini hakusema siku ile ya Jumamosi.

"Ningekuambiaje, kaka? Ulikuwa umesimama pale kama polisi." Kisha akaongeza, "Na ule ugali tungeula. Mimi siku ya mazishi nilibeba viti kutwa nzima, nikalala njaa kwa sababu ulifunga jikoni. Nani angecheka? Sisi ni wako."

 

Baada ya miezi miwili aliniletea mtamba wake, akamfunga bandani, akasema banda likikaa tupu linaoza. Nilimkatia majani. Lakini nilipofika horini mikono ilikataa kuyaachilia. Nilisimama nayo pale hadi yule mtamba akaanza kulia. Siku ya tatu nilimfungua nikamrudisha. Mke wa ndugu yangu alinipokea kamba langoni bila kuuliza. Nepia sasa imekomaa hadi mtoni, imekuwa ndefu kuliko mimi, na asubuhi nakunywa chai ya rangi.