Vita vya Mombasa kwenye Mfongo wa Uru

Maji ya mfongo yalipokatika, Bibi alijua kwa kusikia tu. Mfereji ule ulipita nyuma ya nyumba yetu kule Uru, kati ya migomba na kahawa, na mlio wake tuliuzoea mno hata tukawa tunausikia pale tu unaponyamaza. Kiangazi kile wanunuzi binafsi wa kahawa, wasio wa chama cha ushirika, walikuwa wameanza kupanda mlimani na mizani zao, na watu wazima walitazamana kwa jicho la pembeni: nani kamuuzia nani, nani anajua asichokisema.

Mimi nilikuwa msichana wa darasa la sita, na akili yangu yote ilikuwa Mombasa. Mwalimu wa historia alitusimulia jinsi Wareno walivyozibana bandari za pwani kwa ushuru na mizinga, hadi Mombasa ikawakaribisha Waturuki na merikebu zao waje kuikinga. Malindi, iliyokuwa na ugomvi wa siku nyingi na Mombasa, ikapeleka habari Goa, makao makuu ya Wareno ng'ambo ya bahari. Wareno wakaja na merikebu nyingi za matanga, wakawakuta Waturuki bandarini, wakawapiga humo humo.

Hatukuwahi kuiona bahari. Mimi na Leokadia, rafiki yangu wa shamba lililo juu kidogo ya letu, tuliuziba mfongo kwa mawe na udongo tukapata bandari. Merikebu zilikuwa maganda ya mgomba, matanga karatasi za daftari. Tulipigana kwa kokoto hadi jioni, tukaondoka bila kuubomoa ukuta. Maji yakafurika kwa kina Leokadia, na zamu ya Bibi ikapita mboga zikiwa kavu.

“Yule mama kaniibia maji,” Bibi alisema.

Asubuhi mama Leokadia alimwamkia, “Shikamoo, mama.” Bibi akapita kama hakusikia. Nilipomwona Leokadia akimnong'oneza mama yake, nikawa na hakika ananitaja.

Mchana mzee wa mfongo, msimamizi wa zamu za maji, aliugundua ukuta. Akatuita mbele ya watu wa nyumba zote mbili, mkononi ameshika merikebu iliyolowa.

“Nani kafanya hivi?”

Leokadia alinitazama, akafungua mdomo.

“Ni yeye,” nikasema haraka.

Akaufunga. Hakukana wala hakunitaja, hata mama yake alipomchapa. Bibi alipeleka mkungu wa ndizi kuomba radhi, na wakubwa wakapatana. Leokadia hakuja kwetu tena.

Siku hizi kila nyumba ina bomba lake, hakuna anayemvizia mwenzake mferejini. Mimi ndiye niliyebaki na shaka miaka yote hiyo. Mwaka jana tulikutana msibani, tukakaa pamoja kumenya ndizi. Nikamwuliza siku ile alitaka kusema nini.

“Nilitaka kusema ni mimi,” akajibu, akachukua ndizi nyingine.