Galaksi Nyekundu ya Mwalimu Nathanaeli

Mwalimu Nathanaeli alifundisha fizikia sekondari ya Mvumi miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyemsikia akisema hajui jambo. Alikuwa na majivuno, tusimsingizie upole. Lakini kazi yake aliipenda, na ndiyo maana jambo la Penina linamkosesha raha hadi leo.

Penina alikuwa kidato cha pili, binti wa fundi wa kuchomelea vyuma kule Kizota. Siku moja mwalimu alileta darasani picha za galaksi mbili, zote zenye mikono iliyojizungusha, moja ya bluu na nyingine nyekundu. Akauliza kwa nini rangi zinatofautiana. Jibu alikuwa nalo mfukoni: ile nyekundu inatukimbia, na mwanga wa nyota zinazotukimbia huelekea wekundu.

Penina akanyoosha mkono.

"Mwalimu, baba akichomelea, moto wa bluu ndio mkali. Chuma kikianza kupoa kinakuwa chekundu. Labda hiyo nyekundu nyota zake changa zimekwisha, zimebaki kongwe."

"Haya, Profesa wa Kizota katupa somo," mwalimu akasema, na darasa zima likaangua kicheko. Hakuishia hapo. Alimsimamisha mbele, akamlazimisha alirudie jibu la mwalimu mara tatu: inatukimbia, inatukimbia, inatukimbia. Mwenyewe alidhani anafundisha. Mwisho wa mwaka, wakati wa kuchagua masomo, Penina hakuigusa fizikia, na jina la Profesa lilimganda mpaka anamaliza shule.

Miaka ishirini na miwili ikapita. Mwaka jana, akiwa ameshastaafu, Nathanaeli alialikwa ukumbi wa Chimwaga, pale chuo kikuu, kwenye mhadhara wa walimu. Mhadhiri mmoja, binti mdogo kuliko wanawe, akaonyesha picha kama zile zile. Akaeleza kwamba mikono ya galaksi huwa ya bluu kwa sababu humo gesi inazaa nyota mpya, na zile kubwa zenye joto kali hung'aa bluu ila hazidumu. Gesi ikiisha, uzazi unakoma. Za bluu hufa kwanza, na galaksi hubaki na nyota nyekundu za siku nyingi. Kwa galaksi za jirani kama hizo, akasema, kukimbia kwake hakubadilishi rangi kiasi cha kuonekana kwa macho. Hapo mwalimu akamkumbuka Penina.

Chai hakuisubiri. Alikwenda moja kwa moja Kizota, akamkuta Penina katika karakana aliyoachiwa na marehemu baba yake, miwani ya giza kaipandisha kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba msamaha." Akamkumbusha zile picha, akamweleza aliyoyasikia Chimwaga. "Wewe ulipatia. Mimi ndiye niliyekosea, na nikafanya watu wakucheke."

Penina akamvutia kiti. Hakukasirika, na mwalimu angeshukuru sana kama angekasirika.

"Asante kwa kuja, mwalimu. Mimi nilishajua sina kichwa cha sayansi," akasema. "Juzi tu binti yangu kaniuliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea. Nikamwambia aache maswali ya kijinga, ukoo wetu hauna akili hizo."

Nathanaeli akamuuliza mtoto yuko wapi, amjibu hilo swali la mwezi.