Cherehani Ikinyamaza

Mtaa mzima unamwita fundi huyu wa nguo Mama Vifungo, maana hata msibani utamkuta na sindano kwenye kola. Ulimi wake si mchezo; mteja akichelewa kuchukua gauni atasemwa mpaka ajute. Lakini tangu mdogo wake wa mwisho, fundi rangi, atoke gerezani, amepoa kama maji ya mtungini. Anaogopa.

Anaogopa choo cha ndani, chenye komeo. Zamani alimfokea mdogo wake, akaapa hataki unga, hayo madawa ya kulevya, chini ya paa lake. Basi kijana akawa anajifungia chooni, anangoja cherehani ingurume ndipo ajidunge, asisikike. Siku moja alikutwa midomo imegeuka buluu. Aliponea chupuchupu.

Sasa muuguzi wa kliniki amemweleza jambo lililomnyima usingizi: mwili uliokaa muda mrefu bila unga umeshausahau, na kipimo cha zamani kinaua. Akampa dawa ya kupuliza puani, ya kumzindua aliyezimia kwa unga, akamfundisha kuitumia. "Zungumza naye," akasema. "Usimhukumu."

Kusema ni rahisi! Mama Vifungo alizunguka na maneno yale kutwa nzima, mpaka akashona mkono wa blauzi ndani nje. Akisema, si kama amempa ruhusa? Asiposema, je? Mwishowe alimfuata mdogo wake uani alipokuwa anaosha brashi ya rangi.

"Sijaja kukusema, mdogo wangu."

"Leo jua limetokea wapi, dada?"

"Hebu nisikilize. Naomba usirudie. Lakini ukizidiwa na hamu, usianze na kipimo cha zamani. Kidogo sana. Na usiwe peke yako. Niambie, nitakaa mlangoni. Sitafoka."

Kijana aliendelea kuosha brashi iliyokwisha kutakata.

"Na komeo?"

"Nimeshaling'oa."

Siku zikapita. Alikwenda kazini, akarudi, akala. Mama Vifungo akaanza kupumua. Kisha mchana mmoja, cherehani ikiwa imekolea kunguruma, mdogo wake akasimama mbele yake, jasho linamtiririka, mikono mifukoni.

"Dada, simamisha cherehani."

Alitaka kulia, alitaka kumzaba kibao, matusi yote ya zamani yakamjaa mdomoni. Akayameza. Akaondoa mguu kwenye kanyagio, akachukua ile dawa na kigoda, akamfuata mpaka kwenye mlango usio na komeo, akaketi.

"Niko hapa," akasema. "Nitakuwa nakuita. Wewe niitikie tu, mdogo wangu. Usiache kuniitikia."