Bhai na Bastola Nyepesi

Jumatatu iliyopita, kabla sijamaliza chai ya asubuhi, muuguzi mmoja Mkenya alinipigia simu kutoka hospitali ya upande wa pili wa London kunipa habari kwamba mzee wangu amefariki alfajiri. Muuguzi alimwita “mzee wako” kwa sababu namba yangu ndiyo aliyoikuta nyuma ya kijitabu chake. Mkewe alitangulia, watoto hawakujaliwa, na ndugu zake wametawanyika Kanada na kwingineko. Kwa kweli hatukuwa na udugu wowote. Yeye alikuwa Mhindi wa Nakuru, mimi Mswahili wa Mombasa, na kilichotukutanisha kilikuwa bastola. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii si mahali pa silaha. Wengi wenu huniandikia kunishitakia wajukuu wanaosalimiwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza. Leo nivumilieni. Nina kosa ninalotaka kulikiri, na siwezi kulifikia bila kupitia kwenye hiyo bastola.

Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa msaidizi wa mpima ardhi, kijana mwembamba mwenye majivuno kuliko mshahara. Kazi yetu ilikuwa kukata vijia porini huko Baringo na kukokota mnyororo wa kupimia kutwa nzima, na msimu mmoja wenzetu wawili waliumwa na nyoka, moma. Bwana mkubwa akaniombea kibali, akanituma Nakuru nichague bastola ndogo ya kutembea nayo porini na ya kuwafundishia wenzangu kulenga. Katika duka la silaha na mahema nilimkuta Bhai, ndivyo mji mzima ulivyomwita, mtu mfupi wa miwani, mikono yake ikinuka mafuta ya bunduki. Nikamwonyesha niliyoitaka: kubwa, ya chuma cheusi, mtutu mrefu. Nilishajiona kwenye picha nikiwa nayo. Hakunikatalia. Alichukua mkoba mtupu wa ngozi, akaujaza mawe ya mizani yenye uzito uleule, akaufunga kwenye mshipi wangu, akaniambia nitembee hadi stesheni ya reli na kurudi. Ilikuwa saa saba mchana. Niliporudi suruali ilikuwa imeshuka, nyonga inaniwaka, na wateja wawili waliokuwamo dukani walikuwa wanajikaza wasicheke.

Ndipo akatoa ile nyepesi, mwili wake wa aluminiamu, mtutu mfupi, ya risasi ndogo kabisa, zile ambazo baruti yake huwashwa kwa kugongwa ukingoni mwa kitako na si katikati. Akanieleza bila kupamba. Bastola nzito, alisema, siku ya tatu utaiacha hemani, na nyoka atakukuta njiani huna kitu. Risasi kubwa ina mshindo, inaruka mkononi, mwanafunzi anajifunza kufumba macho kabla hajajifunza kulenga; hii haimtishi mtu, na anaweza kufanya nayo mazoezi kutwa. Kisha akanipa na ubaya wake. Wepesi huo huo unatangaza kila mtetemeko wa mkono. Nisiifyatue ikiwa haina risasi, maana pini itagonga ukingo wa tundu na kuuharibu. Na nikikutana na nyati nisihangaike kuitoa, nitafute mti wa kupanda. Nimenunua vitu vingi tangu siku ile, na sijapata muuzaji mwingine aliyenitajia kasoro za bidhaa yake kabla sijauliza.

Lakini lililonikaa zaidi ni namna alivyonikabidhi. Alifungua lile gurudumu dogo la matundu ya risasi, akanisogezea bastola juu ya kiganja, akasema, “Tupu.” Nikanyoosha mkono kuichukua. Hakuiachia. “Usiniamini mimi, kijana,” akasema. “Angalia mwenyewe tundu moja moja, halafu useme umeona.” Nikaangalia, nikasema nimeona, ndipo akaiachia. Tukarudia mara nne au tano pale kaunta, yeye akinipa na mimi nikimrudishia, kila mmoja akisema lake, mpaka wateja wengine wakachoka kusubiri. Huko Baringo nami nikawafundisha wenzangu vivyo hivyo. Moma tuliwaua wawili watatu, na hakuna mtu wetu aliyejeruhiwa kwa risasi.

Bhai alikuja London majira yale ya baridi ambapo Wahindi wa kwetu wenye pasi za Kiingereza walisikia mlango wa Uingereza unakaribia kufungwa, wakajaza ndege kwa siku chache. Kazi ya mtu haipandi ndege pamoja naye. Aliyekuwa akiulizwa na wakulima, wapima ardhi na askari wa wanyamapori wabebe nini, aliingia kiwandani kukagua swichi za birika za umeme, na huko alizeekea. Sisi tuliokuja baadaye tukawakuta hapa tunawajua wengi wa namna hiyo: mwalimu mkuu anayepanga barua, fundi wa saa anayefungasha biskuti. Tukikutana nao tunawauliza habari za watoto, hatuwaulizi mikono yao ilikuwa inajua nini. Mimi mwenyewe nilimpata kwa bahati tu, sokoni karibu na stesheni ya Rayners Lane, nilipomsikia mzee wa Kihindi akimuuliza muuza mboga kwa Kiswahili kama muhogo ule una nyuzi. Alinitazama kiunoni, akaniuliza kama suruali sasa inakaa vizuri.

Kumbe hakuwa ameacha kabisa. Kila Jumamosi alikuwa akifundisha wanagenzi kwenye klabu ya kulenga shabaha, chini ya matao ya reli, kwa bastola nyepesi ndugu ya ile yangu. Nilikwenda kumtazama mara moja. Pale hakuwa mkaguzi wa swichi. Watu wazima, Waingereza watupu, walisimama mbele yake kama nilivyosimama mimi, wakiangalia tundu moja moja na kujibu kwa Kiingereza kwamba wameona. Kisha ukaja ule msiba wa watoto wa shule waliouawa kwa bastola, na sheria ikapiga bastola marufuku, kwanza zile kubwa, halafu na hizi ndogo. Sina ugomvi na sheria hiyo. Yeye pia hakuwa nao. Nilipomuuliza atafanya nini alinijibu, “Watoto wamekufa, Bwana Mpimaji. Nibishane na nani?” Akaniomba tu nimsindikize kituo cha polisi kuisalimisha bastola yake.

Pale kaunta alimkuta askari kijana, mpole, mwenye foleni ndefu. Bhai akafungua gurudumu, akaiweka bastola juu ya kiganja, akamwambia kwamba iko tupu. Askari akaipokea, akaandika namba, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akamshukuru. Labda waliikagua baadaye huko ndani, sijui. Bhai alibaki amesimama na kiganja wazi. Alikuwa anangoja neno lake. Nilikuwa nyuma yake hatua moja, na neno hilo nililijua vizuri kuliko mtu yeyote katika jumba lile, ila watu walikuwa wanatutazama na nikaona haya kusema Kiswahili changu pale kuhusu bastola ambayo ilishaondoka. Nikamshika kiwiko tukatoka. Ndani ya basi alisema mara moja tu, bila hasira, kwamba kijana yule hakuangalia. Nikamwambia ndivyo walivyo siku hizi.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Jumamosi, siku mbili kabla ya habari ile ya kifo, muuguzi huyo huyo alinipigia simu kwa mara ya kwanza. “Uncle, samahani kukusumbua,” alisema. “Mzee wako hapa wodini anafungua mkono, ananisogezea, anasema tupu. Nikimwambia sawa mzee, anaanza tena. Tumempa maji, tumempa kengele, bado. Anataka nini?” Nilijua papo hapo anataka nini. Ningeweza kumwambia binti yule: angalia kiganja chake, kisha sema nimeona. Lakini nikaona haya, tena zile zile, kuanza kumweleza mtu aliye kazini mambo ya bastola na Nakuru. Na niseme kweli yote: nilitaka niseme mwenyewe. Niliona ni neno langu, nilimnyima kituoni, sasa nitalilipa. Nikamjibu kwamba nitakuja kesho na nitamtuliza. Jumapili njia ya treni ilifungwa kwa matengenezo, basi la badala likanizungusha, na nilipofika Croydon kubadilisha ilikuwa imeshapita saa ya kutazama wagonjwa. Nikarudi nyumbani Tottenham. Nikasema kesho.

Jumatatu nilikwenda kuchukua vitu vyake: miwani, kijitabu, na koti. Muuguzi alikuwa amebaki baada ya shifti yake kunisubiri. Akaniuliza ile tupu ilikuwa na maana gani, nami nikamweleza, mwanzo hadi mwisho, hata suruali. Alisikiliza akiwa ameushika mfuko wa vitu. “Alifanya hivyo usiku kucha, uncle,” akasema. “Ungeniambia tu. Si ni neno moja?”

Wahenga wetu walisema majuto ni mjukuu, na huyu wangu, wasomaji, ananijibu kwa Kiswahili safi. Tunapenda kuyahifadhi maneno mema tuje kuyasema wenyewe, kwa mdomo wetu, siku tutakapofika. Ukiwa na neno ambalo mtu analingoja, mpe yeyote aliye karibu naye alipeleke. Mimi nilikuwa nimeona tangu Nakuru, na yeye amekufa akiniuliza.