Aliyejiita Mwenyewe

Juzi nilikuwa ukumbini mjini Wote, ambapo kampuni ya washauri wa biashara kutoka Nairobi ilikuwa ikitafuta vijana wa kuajiri. Msichana kutoka chuo kidogo cha Kitui Kusini alimwendea mwajiri, akamnyooshea mkono.

“Chuo chako sijawahi kukisikia,” mwajiri akasema, macho kwenye simu.

“Ndiyo maana nimekuja, ukisikie, madam. Nipe shida moja ya mteja wako tuijadili.”

Mwajiri akacheka. “Haya. Kiwanda cha juisi, wakulima hawakiletei maembe.”

“Wakulima wenyewe mmewauliza kwa nini?”

Mwajiri akaweka simu chini, akamvutia kiti. Waliongea mpaka chai ikapoa.

“Jumatatu uje Nairobi kwa intaviu,” akamwambia.

Sisi tulilelewa kungoja kuitwa. Huyu alijiita mwenyewe, akaitikiwa.