Sahani ya Mahjabeen

"Jina mimi nililiweka. Wewe umelipeleka wapi?"

Mahjabeen alikuwa amemshikia Wajahat, mwenye duka, kadi ya harusi mbele ya pua kama anayemnusisha samaki aliyechacha. Kadi mia zilikuwa zimekwisha kuchapwa, kingo zimepakwa dhahabu, na karatasi ya aina ile haikubaki hata moja. Penye majina ya wanaowangojea wageni walikuwemo wajomba, baba wadogo, hata shemeji mmoja aliyegombana na ukoo mzima. Shangazi Sarwat hakuwemo. Na Shangazi Sarwat ndiye aliyemlea bibi harusi tangu mama yake alipofariki, tena ndiye angekuja kuzichukua kadi baada ya sala ya adhuhuri. Akiliona pengo lile hakanyagi harusini, na binti atakuwa kama aliyefiwa na mama mara ya pili.

Wajahat alijitetea kwamba amechapa alichokikuta kwenye folda yao, Sahani. Mahjabeen akamwambia macho yake ayapeleke kwa fundi saa.

Soko zima la Chatta Bazar, hapo Hyderabad, lilimjua Mahjabeen kwa mambo mawili: mpangilio wake wa maandishi ya Kiurdu, na ulimi. Hata wazee waliomzidi umri walimwita Apa, dada mkubwa, kwa usalama wao. Baba yake aliandika kadi kwa kalamu ya mwanzi. Kaka zake watatu kazi iliwashinda. Yeye aliiokota kwa macho tu, akiwapelekea chai. Kompyuta zilipoingia akajifunza programu moja ya kupanga herufi, akaipenda, akaapa hagusi nyingine.

Duka liliponunua kompyuta mpya, programu ile ikagoma. Fundi, asiyetaka ugomvi na Apa, akatengeneza ndani ya ile mpya kompyuta nyingine ya kizamani, ya kuigiza tu, isiyo na chuma wala waya wake, inayodhani bado ni enzi zake. Mahjabeen akaingia humo kama mtu aliyerudishiwa nyumba ya urithi.

Shida ikabaki moja. Mashine ya kuchapa ilitii kompyuta ya nje tu. Basi fundi akaweka folda inayoonekana pande zote mbili, na kabla hajamaliza kueleza Mahjabeen alikuwa keshaelewa. Alikulia katika nyumba yenye upande wa wanawake na upande wa wanaume, na ukutani tundu la kupitishia chakula. Folda akaiita Sahani. Yeye anapakua ndani, Wajahat anapokea nje.

Lakini adabu moja ya baba yake haikumtoka: nakala safi haiachwi njiani. Mzee aliilaza chini ya godoro lake mpaka familia iisome. Kwa hiyo Mahjabeen naye, rasimu aliipitisha kwenye Sahani ichapwe ya mfano, nakala safi akaifungia ndani. Jana baba wa bibi harusi alitazama mfano, akajipiga paji la uso, akasema amemsahau dada yake. Mahjabeen akaliongeza jina palepale, huko ndani. Baba mtu akalisoma kwenye kioo, akaridhika, akasema tayari. Mahjabeen akaenda kuswali alasiri. Wajahat, kusikia tayari, akachapa kilichokuwa kwenye Sahani.

Sasa Mahjabeen alikaa kitini kumwonyesha huyu bwana kosa lake. Akafungua kompyuta ya ndani. Nakala safi ilikuwepo, jina la Shangazi limetulia humo kama bibi kwenye kochi.

Wajahat aliinama akatazama. "Umepika vizuri, Apa," alisema taratibu. "Ila hukupakua."

Mahjabeen akaihamisha tambuu aliyokuwa akitafuna kutoka shavu hili hadi lile. Angeweza kumwambia kwamba naye alipaswa kuuliza kabla ya kuchapa, na ingekuwa kweli. Badala yake akaitoa kalamu ya baba yake kabatini, akachanganya wino.

Nafasi tupu ilikuwa moja tu katika kadi nzima: juu kabisa, kabla ya wajomba.

Shangazi Sarwat alipofika, kadi za mwisho zilikuwa bado mbichi. Akavaa miwani, akasoma, akavua, akavaa tena.

"Nani kaniweka juu ya kaka zangu?"

"Mimi," alisema Mahjabeen. "Jina lilibaki ndani ya mashine, Shangazi, na pengo lilikuwa hapo tu. Usipopenda, nitanunua karatasi nyingine tuchape upya."

Mama yule akaitazama tena kadi. Majina yote yalikuwa ya mashine, lake peke yake la mkono.

"Hizo mbichi zipepee," alisema. "Na ya wifi yangu wa Nizamabad niwekee mbali, nitampelekea mwenyewe. Nataka nimwone anavyoisoma."

Alipoondoka na kadi zake, Mahjabeen aliihamisha kazi yake yote kutoka maficho ya ndani, akaiweka kwenye Sahani. Pale dukani sheria ni kwamba aliyekosea hununua chai, na ilikuwapo chai moja aliyokataa kuilipa tangu Bakri Idi, sikukuu ya kuchinja. Akaagiza vikombe viwili na biskuti, akavipanga vyote mbele ya Wajahat.

"Hiki cha leo. Na hiki cha Bakri Idi."

Wajahat akakirudisha kimoja upande wa Mahjabeen. "Cha Bakri Idi nilikwisha kukusamehe, Apa. Kinywe."

Akakinywa cha moto hivyohivyo, mwenzake asije akageuza kauli.