Mgongo Uliokwenda Kuposa Kabambare

Barabara ya kutoka Kasongo hadi Kabambare haina urafiki na mgongo wa mtu yeyote, sembuse wangu, ambao ulikuwa umeninunia kwa miezi. Maumivu yalianzia kiunoni, yakapita takoni, yakashuka nyuma ya paja mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Mtu mwenye akili angebaki nyumbani. Lakini nilikuwa nimefiwa na mke, nimechoka kula wali wangu mbovu, na huko Kabambare alikuwako muuza vitenge, naye amefiwa na mume, aliyeniambia niende kwao nikampose. Nikapanda pikipiki.

Nilikwenda na baba mdogo, kwa kuwa kwetu mposaji hajisemei, husemewa. Kiunoni nilijifunga kipande cha mpira wa ndani wa tairi, dawa niliyopewa na mwenye pikipiki mmoja wa Lusangi, aliyeapa kwamba wachimba dhahabu wote wanaitumia. Labda. Nilichojua mimi ni kwamba kila nikivuta pumzi, mpira ulilia chini ya kanzu.

Wakwe hawakutakiwa kujua. Mwanaume wa umri wangu akisikika analalamikia mgongo, watu hawafikirii mgongo. Wanafikiria chumba cha kulala, na posa inafia hapo hapo.

Niliposhuka sikuweza kunyooka. Nikaingia uani nimeinama kama natafuta sindano mchangani. Wazee wa upande wa mwanamke wakatazamana, wakapendezwa.

"Huyu iko na heshima," mmoja akasema. "Vijana ya leo wanaingiaka na kifua mbele."

Niliwaacha waamini. Baba mdogo, aliyejua kila kitu, akaongeza kwamba ukoo wetu wote umelelewa hivyo.

Kukaa mkekani niliweza. Kuinuka ili ninawe mikono ndiko kulikoniumbua. Mguu ulipigwa na umeme, nikaanguka ubavu, na mpira ukakatika kwa mlio ambao sitaueleza. Wazee, kwa adabu, wakatazama kwingine.

Hapo ikasikika sauti nyuma ya pazia la chumba. Ilikuwa ya mama wa mwanamke, muuguzi mstaafu, aliyejificha humo kama desturi inavyotaka, maana mama mkwe na mposaji hawaonani, achilia mbali kugusana. Akikugusa utakuwa mgonjwa wake, au mtoto wake, lakini mkwe huwi tena.

"Mumulaze chali," sauti ikasema. "Baba mudogo yake amunyanyue muguu, goti isikunjwe."

Baba mdogo akauinua. Haukufika mbali, nikapiga yowe.

"Inauma mu mugongo tu, ao inashuka?"

"Inashuka," nikajibu.

"Sikuuliza mukwe. Baba mudogo, umuulize."

Ikawa hivyo. Sauti inamuuliza baba mdogo, yeye ananiuliza mimi, nami namjibu yeye apeleke jibu kwenye pazia, ilhali sote tunasikiana vizuri kabisa.

"Umuulize kama anakojoa muzuri."

Baba mdogo akakohoa. "Wanauliza kama unakojoa muzuri."

"Nakojoa muzuri."

"Anakojoa muzuri," akautangazia ua mzima. Nilitamani ardhi inimeze.

"Na fasi ya kukalia, katikati ya miguu, anasikia ao iko ganzi?"

Wazee wakasogea karibu. Swali hilo walikuwa wakilingojea kwa sababu zao wenyewe.

"Anasikia," baba mdogo akasema. "Anasikia muzuri sana."

"Basi hii si ugonjwa ya kumaliza mwanaume. Katikati ya mifupa ya mugongo kuko kitu laini. Yake imetoka kidogo, inafinya mushipa wa muguu. Asilale kitandani siku nzima, atembee pole pole. Moto, ile pikipiki alikuja nayo, aiache kwanza. Mutu asimukanyange mugongo. Nitamupa vidonge ya maumivu. Wengi wanaponaka bila kupasuliwa. Lakini akishindwa kukojoa, mumukimbize hospitali. Sasa kidole kikubwa. Akivute juu, wewe ukisukume chini. Iko na nguvu?"

Baba mdogo akakisukuma kwa kidole kimoja, kama anapima joto la uji. "Iko tu."

"Iko tu ni nini?"

"Iko kidogo. Ao nyingi."

Pazia likatikisika, nikaona vidole vyake vimeshika ukingo. "Nisipoipima mimi mwenyewe, tunaweza kumuacha anakuwa kilema. Natoka."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuuogopa mguu ule. Nikalisemesha pazia mimi mwenyewe, bila baba mdogo.

"Mama, tafazali, usitoke. Uniache na muguu mubaya, lakini unibakishe mukwe."

Niliona haya mbele za wazee, lakini neno nililimaanisha. Nilimpenda yule mwanamke.

Vidole vikaachia pazia. Kisha mama mkwe akaita upande wa jikoni, na binti yake akaja akifuta unga mikononi.

"Shika kidole yake. Sukuma chini na nguvu yote."

Akapiga magoti mbele ya wazee wao na baba mdogo, akanishika. Hakuwahi kunigusa kabla ya hapo. Mwanamke wa kumshika mwanaume mguu mbele za watu ni mke wake, na huyu alikuwa ametumwa na mama yake. Baba mdogo akaanza kujifuta macho. Nikakivuta kidole juu kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo duniani.

"Iko na nguvu?" sauti ikauliza.

"Iko na nguvu, mama," akasema, na hakukiachia.